Sista Alisema Mboga

Usiniulize ilikuwa mwaka gani, mwanangu. Namba zilinikimbia zamani, nami nilisoma miaka tatu tu kwa masista. Nitakuambia tulikuwa tunakula nini, na weye mwenyewe utapata mwaka. Ilikuwa mwaka ile watu wa Bunia walikula jibini. Maduka ya wageni ilikuwa imepewa watu wa inchi, na wale waliopewa walikuwa wanatoa vitu tu, sawa mutu anayehamisha nyumba inayowaka moto. Siye wa Mudzipela, tuliozoea kuona jibini kwa dirisha, tukaibeba mu vitambaa. Ile ya mviringo, yenye ngozi nyekundu. Jirani mumoja aliikata vipande akaitia mu sombe, majani ya muhogo. Mwingine aliichemusha na ngozi yake tangu asubui, akasema hii muhogo ya wazungu haiive. Watoto walitafuna ile ngozi siku muzima.

Tulicheka sana mwaka ile. Nakuambia hivi ili usifikiri nilizaliwa na hii sura ya kufunga. Lakini iko siku moja ya wakati ile ambayo imekataa kutoka mu kichwa yangu. Kila nikiona namna munavyokula, siku ile inarudi, inakaa mbele yangu sawa mugeni asiyejua kuaga. Mimi ni tate yenu, nyanya yenu, sina aibu ya kuwaambia watu ukweli mu macho. Ukweli yangu mwenyewe njo nilificha. Kaa chini. Hii sijaiambia mutu.

Bwana yangu aliitwa Lobo. Alikuwa shofere ya kamyo kubwa, njia ya Aru. Alipeleka maharagi na viazi, alirudisha vitu ya mupaka: samaki ya mikebe, nyama ya mikebe, maziwa ya unga, siagi, biskuti, sukari. Alizaliwa upande wa Fataki, kwa watu wa ngombe, na kule nyumba isiyo na maziwa na nyama walikuwa wanaipita bila kupiga hodi. Mimi nilizaliwa Iga Barrière. Mama yangu alilima. Kwetu tulikula sombe Siku ya Kwanza, lenga-lenga, ile muchicha, ya pili, maharagi ya tatu, na Noeli tulinusa nyama ya jirani. Nilikuwa muzuri, sitadanganya, mwenye macho alijua. Lobo alisimamisha kamyo pale barabara zinagawanyika, akanunua ndizi kwa mama yangu. Alisimama mara saba kununua ndizi, na ndizi hakuwa anapenda.

Basi nilipofika Bunia na kuwa bibi ya Lobo, nilijiapia kitu kimoja ya kijinga: majani haitaingia mu sufuria yangu. Nilikuwa nimekula ya kutosha. Nikapika nyama asubui, nikapika nyama mangaribi. Chai yangu ilikuwa maziwa na sukari, na maji kidogo sababu ya aibu. Mukate niliipaka siagi mpaka meno ikaacha alama. Na mikebe tupu sikutupa. Niliikosha, nikaipanga inje, juu ya ukuta mufupi, picha ya samaki na picha ya ngombe ikiangalia njia, watu wapite waone. Walinipa jina, Mama Mikebe. Walisema kwa kunicheka, na mimi niliitika sawa mutu anayeitwa bibi ya mukubwa wa inchi.

Lobo naye alinona. Tumbo iliingia kwanza mu mulango, yeye akafuata. Kule soko walimuita Patron. Wakati ile tumbo ya mwanaume ilikuwa sifa ya bibi yake. Wakimusalimia, walipiga ile tumbo polepole, pa, pa, pa, kisha wakaniangalia mimi. "Mama Imani, weye unatunza mutu!" Imani ni mutoto yetu wa kwanza. Na mimi moyo yangu ilikuwa inavimba kuliko tumbo ya Lobo.

Kisha ikaja kichwa. Lobo alishuka kamyo akishika kichwa na mikono mbili, sawa mutu aliyebeba mutungi na anaogopa imwagike. Yeye alisema ni mavumbi ya njia. Mimi nilisema ni jua. Siku moja, katikati ya kukula, damu ilimutoka mu pua ikaanguka mu sahani, tone kwa tone, juu ya bugali. Tukaangaliana. Siku ile hakumaliza sahani, na Lobo hakuwa mutu wa kuacha sahani. Kesho yake tukaenda kwa dispansari ya masista.

Pale tulikuta Sista mumoja muzungu, mwembamba, wa miwani, aliyefika inchini si zamani. Kiswahili yake alijifunza mu kitabu, mbali, nafikiri kwa watu wa pwani. Alisema kila neno mpaka mwisho yake, hakukata hata moja, na siye tuliokaa kwa ubao ya wagonjwa tulikuwa tunabana kicheko. Alifunga mukono ya Lobo na ile kitambaa ya mupira, akapuliza, akaangalia saa. Akapuliza tena. Kisha akaniangalia mimi, si Lobo, juu alijua nani anashika mwiko.

Akasema ni tensio. Damu ya huyu mwanaume inasukuma kwa nguvu, na mushipa inaweza kupasuka siku yoyote. Akatoa vidonge mu karatasi. Akasema: "Mama, punguza chumvi. Punguza mafuta. Vyakula vya makopo uviache. Na kila siku umpe mboga. Mboga, mama. Mboga nyingi."

Sasa sikia vizuri, juu hapa njo maisha yangu iligawanyika sawa ile barabara ya Iga. Kwetu mboga ni nini? Weye unajua. Mboga ni kila kitu kinachosindikiza bugali. Samaki ni mboga. Maharagi ni mboga. Nyama ni mboga, tena ni mukubwa wa mboga yote. Mutu akikuuliza leo munakula na mboga gani, na weye ukimujibu majani, atakupa pole sawa umefiwa. Mu kitabu ya Sista, mboga ilikuwa majani tu. Hakujua kwamba kwetu neno ile iko na milango mbili.

Nyumbani tulikuta Dhesi anatungoja. Dhesi ni dada mukubwa ya Lobo, semeki yangu, mwanamuke wa sauti na mikono minene. Kila mwezi alishuka toka Fataki na kibuyu ya maziwa ya kuganda, na chungu ya mafuta ya ngombe, ile ya kutikisa mwenyewe. Kuona kaka yake na vidonge mukononi, alishika kiuno.

"Wamesema nini?"

"Apunguze chumvi," nikasema. "Aache mikebe. Na apewe mboga kila siku. Mboga mingi."

Dhesi akaangalia vidonge, akaangalia kaka yake. Kisha akaanza kucheka mpaka akatafuta kiti.

"Mboga? Hii njo ugonjwa? Lobo, umepata ugonjwa ya wakubwa! Mimi naipata wapi?"

"Sista mwenyewe amesema," Lobo akajibu, naye anacheka, na mukono moja kwa kichwa. "Muchinje ngombe, mimi nipone."

Nilicheka pia. Mikebe nilipunguza, ndiyo, wiki mbili hivi. Lakini nyama niliongeza. Mafuta ya Dhesi nilimwaga mu sufuria bila kupima, nikisema hii haiko ya mukebe, hii ni ya nyumbani, ya nyumbani itaua nani? Chumvi nilipunguza mbele ya macho ya Lobo, na wakati hayuko niliongeza, juu nyama bila chumvi alikuwa anaisukuma pembeni. Vidonge alimeza siku tatu, akasema kichwa imepoa, akaweka karatasi mu kamyo, na karatasi ikapotelea kule.

Mwezi iliyofuata mama yangu alikuja toka Iga. Alikuwa na kikapo kwa mugongo: sombe, viazi, boga moja, maharagi mabichi, na lenga-lenga iliyofungwa na kamba ya mugomba. Alitembea, akapanda kamyo ya watu, akatembea tena. Siku ile nilikuwa na wageni. Dhesi alikuwapo, na mashofere wawili rafiki ya Lobo pamoja na bibi zao. Nilipokea kikapo kwa mama, nikaizungusha nyuma ya jiko, nikaifunika na gunia. Kisha nikamuchukua mama yangu mwenyewe, aliyenizaa, nikamukalisha kule nyuma karibu ya kikapo yake. Nikamuambia viti mu salon ya wageni haitoshi.

Viti ilikuwa inatosha, mwanangu.

Alikaa juu ya kigogo, akaangalia namna nilivyotia chumvi. Akaniuliza juu ya nini sura ya Lobo imekuwa sawa tofali. Nikamuambia maneno ya Sista, mbio mbio, nikipakua.

"Mboga," mama akasema. "Mboga gani?"

"Mboga, mama. Mboga si mboga?"

"Neema. Nakuuliza mboga gani."

Nikazidi kupakua. Mama akashika mukono yangu yenye mwiko.

"Weye ulikula majani kwangu ukaota hayo meno yote, na hiyo matako Lobo alifuata mpaka ndizi zikaisha mu shamba. Leo majani ni matusi? Unadanganya nani? Mimi? Sista? Ao tumbo ya huyu mutu?"

"Sauti, mama. Wageni watasikia."

"Wasikie! Mimi ninajificha na sombe sawa mwizi, na wao wasisikie?"

Nikatoa mukono yangu. Nikabeba sahani ya nyama, mafuta ikielea juu yake ya manjano, nikaingia kwa wageni nikicheka. Dhesi alipiga makofi. Lobo alipakuliwa wa kwanza. Kesho yake asubui mama alienda bila kungoja chai. Kikapo aliacha. Sikuifungua. Lenga-lenga ilioza chini ya gunia, na wiki muzima watu waliponiuliza arufu ile ni ya nini, niliwajibu ni panya amekufa.

Lobo alianguka siku ya soko, saa ya kupakia. Asubui ile alikuwa amekula mukate na siagi, kopo kubwa ya maziwa, na nyama ya jana niliyoikaanga upya. Mimi niliweka sahani, mimi niliitoa ikiwa tupu, na nilifurahi kwamba ni tupu. Wapakizi walinisimulia kisha. Alinyosha mukono kufungua mulango ya kamyo, mukono ikakataa. Akaiangalia sawa ni mukono ya mutu mwingine. Akakaa chini mu mavumbi, mwanaume wa uzito ile, polepole, na mudomo ikaenda upande moja.

Walimubeba juu ya turubai. Mimi nilikimbia nyuma yao na mwiko mukononi, sikujua ninao. Sista njo aliutoa katikati ya vidole vyangu.

Alimupima. Alimutazama macho, alimuinua mukono, ikaanguka. Kisha akanigeukia.

"Mama, ulimpa mboga?"

"Ndiyo, Sista. Kila siku."

"Mboga gani?"

"Nyama ya ngombe," nikasema. "Sikukosa hata siku moja."

Alivua miwani. Akaita muganga mweusi wa dispansari aliyemusaidia, wakaongea kwa Kifaransa, na mu ile Kifaransa nilisikia neno mboga inapita kati yao mara mbili, mara tatu, sawa mutoto aliyepotea soko. Niliona Sista anaelewa. Alikaa karibu yangu kwa ubao ya wagonjwa, akashika mikono yangu iliyonuka mafuta, akalia. Mutu muzima, muzungu, mbele ya wagonjwa wote.

"Ni kosa langu, mama," alisema. "Unisamehe. Sikulijua neno."

Na mimi nilimuacha alie.

Mwanangu, hii njo nilikuitia. Siku ile ya kwanza, aliposema mboga, Sista alinyosha kidole kwa dirisha. Inje kulikuwa shamba yao ndogo, tuta nne za lenga-lenga, mbichi, imemwagiwa maji asubui ile. Nilifuata kidole. Niliona majani. Nilijua anasema nini sawa ninavyojua jina yangu. Kisha nilitoka pale nikachagua mulango ingine ya ile neno, juu sikutaka Dhesi anikute ninapikia kaka yake majani. Sikutaka mashofere waseme Lobo amefilisika. Sikutaka kurudi kuwa mutoto wa Iga.

Bunia muzima ilisimulia habari ya Sista na neno yake. Wengine walicheka, wengine walimuhurumia. Mimi nilipewa pole, na niliipokea. Kisha Sista alirudi kwao, akaenda na kosa ambayo haikuwa yake, na hakuna siku nilimuandikia barua ya mustari moja kumutua ule muzigo. Nafikiri alikufa nayo. Kila nikila lenga-lenga ninamuona akivua miwani.

Lobo alirudi nyumbani nusu. Upande ya kuume ilikuwa nyama tu, haikumusikia. Maneno yote aliyokuwa nayo, matusi ya njia, nyimbo, majina ya vijiji mpaka Aru, ilikauka, ikabaki tatu: maji, jua, nyama. Jina yangu haikuwa ndani.

Nilishusha mikebe kwa ukuta, nikaizika. Pale mbele ya nyumba, watu wapite waone, nikalima. Mama yangu alirudi, mwanamuke ambaye nilimuficha nyuma ya jiko alirudi, akanifundisha upya kupika. Sombe bila chumvi, na kitunguu na pilipili mbichi, na ndimu kidogo kuamusha ulimi. Maharagi. Viazi ya kuchoma, boga, papayi. Siku ya Mungu, samaki mubichi ya ziwa, kipande ya kiganja, isiyopita chumvi wala jua. Hakunikumbusha ile siku ya wageni hata kidogo. Angenitukana, ningepumua.

Polepole tumbo ile ilienda. Muganga mweusi alipima tensio, akatikisa kichwa ya kukubali. Lobo alijifunza kukaa, kisha kusimama na fimbo, kisha kufika mulangoni. Lakini watu hawakuona fimbo. Waliona mifupa ya shingo. Tulikuwa watu ambao tulipima mapendo kwa mafuta, na mimi nilikuwa na bwana aliyekonda. Wanawake kwa kisima walinyamaza nikifika. Mumoja alisema kwa sauti ili nisikie, "Anamumaliza kidogo kidogo, na sahani yake ya majani." Nami niliteka maji yangu nikaenda, kichwa juu, na machozi niliyameza.

Ndipo Dhesi alifika na familia. Alikuja na baba mudogo ya Lobo, muzee wa heshima, na mapaja ya ngombe. Hakungoja. Aliwasha moto mu lupango yangu, ndani ya ua, akatia mafuta, akatia nyama, na arufu ikapanda. Lobo alikuwa kwa kiti yake inje.

"Angalieni mifupa ya kaka yangu!" Dhesi alilia. "Neema, ulipewa ngombe dume, umeifanya mbuzi! Unamulisha majani unangoja nini? Unangoja nyumba?"

"Semeki, muganga amesema."

"Muganga! Si ni hao hao walisema mboga? Leo wanasema nini? Akuwe kuku, apekue mu michanga?"

Muzee aliinua mukono, Dhesi akanyamaza. Aliniambia kwa upole, na upole yake iliniumiza kuliko kelele.

"Mukamwana, sikia. Mugonjwa hanyimwi. Huyu mutoto yetu anakwenda. Umuache aende na ladha kwa mudomo."

Nikamuangalia Lobo. Arufu ilikuwa imemufikia. Machozi ilimutoka kwa macho yote mbili, hata lile la upande uliokufa. Akanyosha mukono muzima, si kwa nyama, kwangu. Mudomo ikahangaika.

"Nyama," alisema. Kisha akasema tena, kwa ulimi muzito: "Nee... ma."

Familia walisikia nyama mara mbili. Mimi nilisikia jina yangu, mara ya kwanza tangu aanguke. Mpaka leo sijui alisema nini. Ulimi ile haikuweza kutenga maneno mbili zinazofanana hivi, na mimi nimelala na ile swali miaka yote.

Nilitoa sufuria kwa moto na kitambaa. Nikaiweka mu mikono ya Dhesi. "Mukule, semeki. Mukulie inje ya lupango yangu." Kisha nikapiga magoti mbele ya Lobo, nikashika ile mukono muzima, nikamuambia mbele ya wote:

"Hapana. Unichukie, lakini uishi."

Alinichukia. Sitakupambia hii habari. Alivuta mukono yake, akageuza sura kwa ukuta, na ile "Nee-ma", kama ilikuwa jina yangu, haikurudi tena. Dhesi hakukanyaga kwangu mpaka siku ya matanga. Lobo aliishi miaka ingine mine. Alimuona Imani anaolewa. Alibeba mujukuu wake na mukono moja, na mutoto alimushika ndevu, na nilimuona anacheka na nusu ya uso. Sijui kama ile miaka ilitoka kwa majani, ao kwa vidonge nilivyomutafutia mpaka Aru wakati vilikosa Bunia, ao kwa Mungu tu. Alikufa mwaka ile sukari ilipotea na watu walikunywa chai na kipande ya muwa mu mudomo. Asubui, nusu ya papayi ilikuwa ingali mu sahani. Kwa matanga walisema nilimuua na njaa. Kuna kitu nilikuwa nimemuua nayo, lakini haikuwa njaa, na hakuna mutu mu ile lupango aliyeijua isipokuwa mimi.

Leo ninawaangalia nyie. Mukate na siagi asubui, sosiji ya mukebe, soda juu yake, na ile vipande ya chumvi ya supu munavunja mu sufuria tatu tatu mpaka ulimi inakauka. Tena munajipiga picha na tumbo. Tensio haipigi hodi, mwanangu. Mimi niliiona inakaa mu nyumba yangu miezi, inakula pamoja nasi sahani moja, na tulikuwa tunaipigia makofi.

Basi nakushauri, na nakushauri mara moja. Nyama sikukatazi, mimi sina chuki na ngombe. Ikuwe kidogo, ikuwe ya siku kubwa, isiwe kilemba cha kila sahani. Maziwa kunywa kopo, si kibuyu, na ile mafuta ya juu toa. Mikebe uiache kwa maduka. Chumvi, vidole mbili, si kiganja. Majani, maharagi, matunda, hiyo ujaze sahani bila kuangalia nyuma kama nani anapita. Enda upimwe wakati kichwa haikuumi, na ukipewa vidonge, meza, usiseme majani itatosha. Muganga akikuambia neno, umuulize gani, umuulize mpaka ile neno ibaki na mulango moja, na usichague ile inayokupeleka mahali kiburi yako ilikuwa inataka kuenda. Na mama yako akija na kikapo, umukalishe mu salon, kwa kiti ya mbele, hata kama wakubwa wa Bunia wote wamekaa pale. Kikapo uifungue mbele yao.

Mungu akupe damu ya kutembea polepole. Akupe uzee wa miguu mbili, na mudomo ya kuita watu wako kwa majina mpaka siku ya mwisho. Watoto wako wasikufichie kitu, na weye usiwafichie.

Lakini usije kwangu ukinibembeleza. Usiniambie tate, leo tu, ni sikukuu, fungua mukebe, ongeza mafuta, watu watatuonaje. Ulie, uite jina yangu, ulete familia muzima ikae mu lupango. Nilishajibu:

Hapana. Unichukie, lakini uishi.